Mapazia ya Leila

Basi lililonitoa Rusumo kwenda Kigali mwaka wa tisini na moja lilipanda muda mrefu hata nikadhani dereva amekata shauri kutupeleka peponi bila kutuuliza. Nchi ile imejikunja kama khanga iliyokaukia kwenye ndoo. Kilima kikiisha kuna kingine, na juu ya kila kimoja mtu amelima maharage mpaka utosini. Nimeona kwa macho yangu mkulima aliyejifunga kamba kwenye mgomba asije akaanguka nje ya shamba lake. Na ng'ombe wa huko wana miguu mifupi upande mmoja, ule unaokaa juu ya mteremko. Ukimgeuza ng'ombe huyo anaviringika hadi Burundi. Wajukuu zangu hapa Ujiji wanacheka nikisema hivyo. Waacheni wacheke, wao hawajafika.

Kulikuwa na vita kaskazini siku hizo, na njiani askari walikuwa wakisimamisha magari na kupekua mizigo. Mimi nilikuwa na kapu la dagaa. Askari aliingiza pua, akaitoa upesi, akasema mama huyu apite. Abiria wote wakataka kukaa karibu yangu baada ya hapo.

Nilikwenda kuzuru kaburi la kaka yangu Sefu. Aliondoka Ujiji kijana, na magunia ya chumvi, akasema atarudi chumvi ikiisha. Akaoa huko, akazaa huko, akazikwa huko. Aliacha watoto wawili, Usumani na dada yake Leila, nao walikuwa wakiishi Biryogo, mtaa wa Waislamu, ambako Kiswahili kinasikika kila mlango na adhana inashindana na kengele za makanisa ya ng'ambo. Niliaga nyumbani kwamba nakwenda kwa mwezi mmoja. Nilirudi mvua za mwaka uliofuata, nimenenepa, na mume wangu akaniuliza kama mimi ndiye.

Leila ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyofika kila pembe ya jiko bila yeye kuhama alipoketi. Nimemwona akigeuza chapati, akikoroga mchuzi na kumfukuza paka wa jirani, vyote kwa mara moja, na kisigino chake hakijanyanyuka. Aliwahi kuolewa Rwamagana, hakupata mtoto, akarudishwa kwa kaka yake na sanduku moja na sufuria kubwa ya shaba. Mambo ya Rwamagana hakupenda kuyasema. Mimi ninayeuliza hata yasiyoulizwa, hayo sikumwuliza.

Usumani alikuwa fundi cherehani. Baraza lake lilikuwa nyuma ya soko kubwa la mjini, kwenye barabara inayoteremkia Muhima, na nyuma ya baraza kulikuwa na chumba alichokuwa akitupia vipande vya nguo. Chumba hicho akampa Leila afanye mgahawa. Alimpa kama watu wanavyompa mtoto kitu cha kuchezea ili anyamaze. Maana kulikuwa na mzee mmoja wa Kicukiro, mfanyabiashara wa ngozi za ng'ombe, aliyekuwa akimposa Leila awe mke wa pili. Mzee huyo alikuwa na mali, lakini akiingia ndani ya nyumba ulisikia harufu ya kila ng'ombe aliyewahi kumchuna, na baadhi ya ndama.

"Novemba hii yote chumba ni chako," Usumani alimwambia tukiwa tunakula. "Desemba ikiingia nguo za Noeli zitaanza, mimi nataka kuongeza cherehani na mafundi. Kama una wateja, nitabanana barazani. Kama huna, cherehani zinaingia, na mzee wa Kicukiro unampa jibu."

"Jibu ninalo tangu zamani," Leila akasema.

"Jibu lile unalolijua mwenyewe sitaki kulisikia. Huwezi kukaa hapa ukiosha sufuria za mke wangu hadi uzeeke."

Leila alifuta mkono akaanza kuhesabu viungo vyake kwa macho: bizari, iliki, pilipili manga. Usiku ule nilimsikia akitwanga.

Sasa ngojeni niwaeleze soko lile, maana ndilo lililokuwa mbele ya mlango wake na ndilo lililomnyima wateja.

Mimi nimezaliwa sokoni, mama yangu aliniweka juu ya fungu la mihogo, lakini soko la Kigali lilinifanya nifunge mdomo nusu siku nzima. Maharage peke yake yalikuwa na rangi zaidi ya khanga zote za Kigoma: ya zambarau, ya madoadoa, ya manjano kama yai, mengine meusi yanayong'aa hata mwanamke anaweza kujitazama akafunga kitambaa. Parachichi moja tulikula watu sita, na ile kokwa wakampa mtoto aikalie. Kulikuwa na vinyomoro, nyanya zinazozaa juu ya mti, nyekundu na chachu, ukiuma moja uso unageuka nyuma na kuuona mgongo wako. Njiani, karibu na Rusumo, nilinunua ubao mmoja uliochorwa kwa mavi ya ng'ombe, kazi ya mistari mikali, myeusi na myeupe na myekundu, mizuri kabisa. Nilimletea jirani yangu hapa Ujiji zawadi. Akautundika juu ya kitanda, akausifu mwaka mzima. Umetengenezwa na nini nilimwambia siku tuliyogombana.

Lakini vikapu ndivyo vilivyoniweza. Wanakiita agaseke, kikapu kidogo chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, hupewa bibi arusi na mtu wa heshima. Sindano inapita karibu karibu hata maji hayatoki. Mwanamke aliyekuwa mkubwa wa safu ya vikapu aliitwa Mukarugwiza. Alikuwa mjane wa makamo, mnene, shingo imesimama wima, na kila asubuhi alipanga vikapu vyake kwa kimo kama askari wa gwaride. Akisema bei, hiyo ndiyo bei. Akisema mtu fulani hafai, safu nzima haikununua kwake hata chumvi.

Leila alipika siku ya kwanza maharage ya mafuta ya mawese, isombe, yaani kisamvu chao, chapati na sambusa. Harufu ilitoka ikavuka barabara, ikazunguka soko. Wanawake wale walikuwa wametoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni na watarudi jua likizama. Nikasema leo tutaumwa miguu kwa kuhudumia. Hakuja mtu. Ya pili, hakuja mtu. Walikuja wapagazi wachache, wanaume, wakala wakitazama ukuta, wakaenda. Wanawake walipita mlangoni wamekaza macho mbele kama wanaopita penye maiti.

Kwetu Ujiji dawa ya mgahawa usio na watu inajulikana. Unaweka mtu mlangoni, ale kwa raha, aliye na njaa amwone. Basi nikatoa kigoda nje, kwenye baraza la Usumani, nikashika sambusa mkono huu na chapati mkono huu, nikala. Nilikula kwa sauti. Nililamba vidole mpaka kiwiko. Na nilipomwona Mukarugwiza anapita na kikapu kichwani, nikamwita kwa wema wangu wote:

"Mama wa vikapu, umeshinda na njaa tangu asubuhi, hata midomo imekauka. Njoo ule."

Barabara nzima ilisimama. Cherehani ya Usumani ilikata uzi. Mukarugwiza alishusha kikapu taratibu, akaja mpaka mbele ya kigoda changu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, lakini hakikuhitaji msaada.

"Wewe mukecuru," akasema, yaani wewe bibi kizee, "nani alikwambia mimi iko na njaa?"

"Macho yangu."

"Macho yako iko na adabu mubaya. Hapa mutu mukubwa hakuli njiani. Mutoto anakula njiani. Mbwa anakula njiani. Wewe ni gani katika hawa?"

"Mimi ni shangazi yake Usumani."

"Ninaona. Na hiyo kitu unatafuna ni nyama gani?"

"Mbuzi."

Alinitazama kidevu. Nina nywele mbili tatu pale, nimezipata uzeeni, na nilikuwa sijui kwamba Kigali mwanamke akila mbuzi wanasema anaota ndevu na kuwa mbishi.

"Basi iko naonekana," akasema, akabeba kikapu chake, akaenda.

Jioni Leila alinieleza, wala hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. "Shangazi, huku mtu mzima hatafuni mbele ya watu. Kunywa maziwa ni sawa. Kutafuna ni kama kuvua nguo. Sisi wa Biryogo tunakula barazani, wamezoea, wanasema Waswahili ndivyo walivyo. Nilifikiri nikiweka meza ndani wataingia. Lakini mlango uko wazi na wateja wa kaka wanakaa hapo kutazama. Na wewe umemwambia yule mama mbele ya watu kwamba ana njaa."

"Alikuwa nayo."

"Ndiyo maana amekasirika."

Kesho yake safu ya vikapu haikuleta nguo kwa Usumani, wala safu ya maharage. Usumani alikaa na mkasi mkononi akitazama barabara tupu. "Shangazi," akaniambia, "nilikuwa na dada asiye na wateja. Sasa tuko wawili." Akamtuma mtu Kicukiro, akamwambie yule mzee aje Desemba mwanzoni. Leila alisikia. Aliendelea kuchambua mchele, punje kwa punje, na ule mchele ulikuwa umeshachambuliwa.

Nikaenda sokoni kutafuta amani. Nilifika adhuhuri, jua limesimama juu ya mabati. Vikapu vya Mukarugwiza vilikuwepo, vikubwa na vidogo, yeye simwoni. Nikazunguka nyuma ya fungu. Alikuwa amepiga magoti, na kichwa chake chote kilikuwa kimeingia ndani ya kikapu kikubwa cha nafaka, shingo imefunikwa na kitenge. Nje ungedhani anakagua mshono kwa ndani. Lakini kikapu kilikuwa kikitikisika kidogo kidogo, kwa mpango, na kilikuwa kikitoa sauti ya karanga.

Nilirudi kwa kunyatanyata. Nilimkanyaga kuku wa watu, hakulia, naye alielewa. Nyumbani nilimsimulia Leila huku nimejiviringisha mkekani kwa kicheko, nikamwonyesha na ungo kichwani jinsi kikapu kilivyotafuna. Leila hakucheka. Aliweka mwiko chini.

"Kumbe haoni aibu kula," akasema. "Anaona aibu kuonwa."

"Si nimekwambia. Kichwa kizima."

"Kwa hiyo ni kikapu tu anachotaka. Kikapu kikubwa zaidi."

Usiku huo alifungua sanduku lake la Rwamagana. Ndani kulikuwa na vitenge na khanga alizopewa alipoolewa, na nyingine hazijafuliwa hata mara moja. Alizitazama kidogo. Asubuhi alikwenda nazo chumbani, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kamba nyingine zikakatiza, akatundika nguo zile mpaka chumba kikawa vyumba vidogo kama sega la nyuki, kila kimoja na kigoda na ubao wa kuwekea sahani. Akatoboa njia ya nyuma inayotokea kichochoroni, mtu aweze kuingia bila kupita barazani.

Usumani alikuja kwa ukali, akidhani dada yake anaanika nguo katika chumba cha kazi. Alikuwa ameshafungua mdomo. Kisha akaona kingo. Leila alikuwa amekata baadhi ya vitenge kwa kisu cha jikoni, na nyuzi zilikuwa zinaning'inia kama ndevu za mahindi. Fundi akiona ukingo usioshonwa ni kama wewe umwone mtoto na kamasi. Alishika ule wa kwanza, akaubonyeza, akaguna.

"Hii itafumuka hata wiki haiishi."

"Iache ifumuke. Chumba ni chako Desemba."

"Hata kama. Mtu akiona atasema imetoka kwangu." Akavitoa vyote kambani, akaenda navyo kwenye cherehani, na siku nzima nilisikia zile tiki-tiki-tiki za upindo. Sauti hiyo hata sasa nikiisikia kwa fundi wa hapa Ujiji, naisikia na harufu ya iliki.

Aliyeingia kwanza alikuwa Épiphanie, muuza maharage, mcheshi, pengo mbele, mwenye njaa isiyojua kiburi. Alipita kichochoroni, akajifungia ndani ya kitenge cha kijani, akala isombe na chapati, akatoka akipangusa midomo na kujifanya anatoka kupima nguo. Kesho yake walikuja wawili. Siku iliyofuata walijaa nusu chumba, na mimi nikasema Leila ameokoka.

Lakini wanaume wanaongoja suruali barazani hawana kazi. Mapazia yalikuwa hayafiki chini, na miguu ilionekana. Wakaanza mchezo. "Kandambili nyekundu ile ni ya muuza ndizi." "Kisigino kile nakijua, kina ufa kama barabara ya Gitarama." Mwanamke mmoja alisikia, akaacha chai nzima na sahani nusu, akatokea kichochoroni mbio. Siku ya pili yake chumba kilikuwa kitupu. Novemba ilikuwa imebaki na mvua chache tu.

Leila alikaa kwenye kigoda kimojawapo, amejifunika pazia mwenyewe. Sikuona uso wake. Nilisikia akisema, "Shangazi, ngozi ya ng'ombe ukiiosha kwa majivu, harufu inatoka?"

Nikamwambia haitoki. Sikuwa na uongo mzuri karibu.

Usumani alikuwa mlangoni, na yeye alisikia swali lile. Aliondoka. Jioni alirudi amebeba robota la vipande vilivyobaki vya nguo za watu wote wa Kigali, sare za shule, joho la padri, maua ya gauni, akaanza kuunga. Akarefusha kila pazia mpaka likaburuta sakafuni. Aliyekuwa akipita barazani aliona ukuta wa nguo tu, na kama alitaka kucheza bahati nasibu ya miguu, acheze na miguu ya meza.

Wakarudi. Na hapo ndipo ulipoanza wakati ninaoulilia mpaka leo. Maana mtu asiyeonekana husema. Mlikuwa mnaketi pale, kila mmoja ndani ya nguo yake, mvua inapiga bati, chai ya maziwa na tangawizi inafuka, na sauti zinatoka kwenye vitenge: mtoto wangu ana degedege, paka mafuta ya mgando, mume wangu amerudi amelewa, mfungie nje, chumvi imeadimika, iko Muhima kwa fulani. Nje siku hizo watu walikuwa wameanza kupimana, wewe ni wa chama gani, wewe ni wa nani, na redio kila duka inapiga kelele. Ndani ya mapazia hakuna aliyemwuliza mwenzake. Sauti ilikuwa jirani, na jirani alikuwa anakula.

Yaliyotokea mwaka wa tisini na nne sisimulii. Mimi nilikuwa kwetu, na aliyekuwa kwao hana haki ya kusimulia ya aliyekuwepo. Leila alibaki hai, nilimwona tena na mvi. Zile sauti nyingine, nilimtajia moja moja, na kwa nyingi alitikisa kichwa tu, mimi nikaacha kutaja. Ndiyo maana nataka mzisikie kama zilivyokuwa zinatafuna.

Basi, mwisho wa Novemba chumba kilikuwa na watu, lakini safu ya vikapu bado. Mukarugwiza hakuja, na asipokuja yeye wenzake wa safu hawaji, na bila wao Leila alikuwa akipika sufuria nusu. Usumani alishaagiza cherehani. "Nusu si wateja," alisema, lakini alisema akitazama kando.

Desemba iliingia na mvua kubwa, mvua ya huko ambayo haianguki, inamwagwa. Soko lilikimbia. Kichochoroni nikaona kitenge kinakuja kimefunika kichwa, mabega, kila kitu, na chini yake mwendo wa shingo iliyosimama. Nikageuka kutazama ukuta, mara moja katika maisha yangu nikawa na adabu. Nilisikia pazia la mwisho likifunguka, likafungwa. Kisha sauti nzito, ya mtu anayejaribu kuwa mtu mwingine:

"Chai. Na sambusa."

"Ya ng'ombe au ya mbuzi, mama?" Leila akauliza.

"Ile iko karibu."

Leila akanitazama. Karibu ilikuwa ya mbuzi. Akaipitisha chini ya pazia.

Épiphanie alikuwa pazia la pili yake, na hakujua nani ameingia. Alikuwa ameshiba, na akishiba ulimi ulikuwa haukai.

"Dada Leila, unapika muzuri. Bahati mbaya yule wa vikapu hatakuja. Kiburi yake iko refu kuliko kifuniko ya agaseke. Anakulaga karanga kichwa ndani ya kikapu, anawaza hatumuoni. Soko yote inamuona."

Leila alikuwa na birika mkononi. Alibaki ameliinua, chai ikamwagika sakafuni, hakuihisi. Nikajua akitoka yule mama sasa hivi, anatoka na safu nzima, na chumba, na kazi ya Leila ya mwezi mzima. Mvua ikapiga. Ndani ya pazia la mwisho kutafuna kukasimama.

"Huyo mama wa vikapu," ile sauti nzito ikasema, "mimi namujua. Ni mutu ya heshima sana."

"Ee?" Épiphanie akasema.

"Sana. Na sura yake iko muzuri."

"Sura hiyo labda ilikuwa ndani ya kikapu, mimi sijaionaga."

Mtu alikohoa chai pazia la kati.

"Na meno yake yote iko," sauti ikaendelea. "Kuna wengine hapa soko wanauza maharage, na mbele iko mulango wazi. Kuku inaweza kuingia."

Hapo hata mvua ilingoja. Halafu Épiphanie akaanza kucheka, kicheko chake cha mluzi kinachopitia pengoni, na kikaambukiza nguo zote. Kitenge cha kijani kikatikisika, cha maua kikatikisika, joho la padri likatikisika. Pazia la mwisho lilikuwa la mwisho kutikisika, lakini lilipoanza, kamba ilikaribia kukatika.

"Dada Leila," sauti ile ikasema, sasa bila uzito, ya Mukarugwiza mwenyewe. "Leta ingine. Na wenzangu iko kichochoroni, wanalowa. Niliwaambia wangoje nione kama iko mahali pa heshima. Waite."

Wakaingia, safu nzima, wakidondosha maji, kila mmoja akitafuta pazia lake. Waliokosa wakakaa wawili wawili, wamegeuziana migongo.

Hawajamaliza kukaa, Usumani akatokea upande wa baraza na wapagazi wawili wenye cherehani vichwani, maji yanawatiririka. Siku ilikuwa imefika na yeye ni mtu wa neno lake. "Pitisheni ndani," akawaambia, "hadi ukuta wa nyuma."

Mpagazi wa mbele akasogea, akafika penye pazia la kwanza, akasimama. Ili cherehani ipite ilibidi lifunguliwe. Akamtazama Usumani. Usumani akashika ukingo, ule ule aliokuwa ameushona kwa mkono wake, akabaki nao kati ya vidole. Nyuma yake mtu alikuwa anatafuna.

"Fundi," Mukarugwiza akasema kutoka ndani, "hapa watu wanakula."

"Nani anasema?"

Kila pazia lilikuwa na mwanamke aliyeshika tonge, na katika Kigali nzima hakukuwa na mwanamume wa kufunua hata moja. Angeweza kumnyang'anya dada yake chumba. Kufunua pazia hakuweza. Mpagazi wa nyuma akasema shingo inamuuma.

Usumani aliuachia ukingo, akaunyoosha usikunjamane. "Rudisheni barazani," akasema. "Tutabanana."

Wapagazi wakatoka. Yeye akabaki, akijipangusa mvua usoni kwa kipande cha kitambaa, halafu akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kama kuna chochote kimebaki. Nikamwambia amwulize mwenye mgahawa.

"Mapazia yote yana watu, kaka," Leila akasema. "Ngoja nje, nitakuletea."

Usumani akaenda hatua chache, akageuka. "Na mzee wa Kicukiro anakuja kesho. Nimwambie nini?"

Leila alikuwa ameinama, anapokea sahani tupu iliyosukumwa chini ya pazia la mwisho.

"Mwambie nina kazi," akasema, akaenda kuijaza.